Roboti, Figo na Reli ya Kilosa: Miaka 150 ya Kutafuta Tundu Dogo

Ukisikia mtu anasema "roboti kafanya oparesheni ya figo", picha inayokuja kichwani ni ya muvi. Jitu la chuma lenye macho mekundu limeshika kisu, daktari kasimama pembeni anakunywa zake kahawa. Bwana, sivyo kabisa. Roboti ya hospitali haina macho mekundu, haiamui kitu, na ukiiacha peke yake haimenyi hata embe. Kinachofanya kazi pale ni mikono ya binadamu. Daktari kakaa mita chache kutoka kitandani, kainamisha uso kwenye kitu kama darubini, na kila anachofanya kwa vidole vyake, vyuma vyembamba vilivyo ndani ya tumbo la mgonjwa vinafuata hivyo hivyo.

Stori ya hiyo mashine haikuanzia kwenye kompyuta. Ilianza na mama mmoja wa Ujerumani aliyekuwa anavuja mkojo, ikapita kwa pacha mmoja wa Boston, ikaingia kiwandani, ikaingia jeshini, ikavuka bahari ya Atlantiki kwa waya, na shule yake imeshafika Kigali. Kilosa na Mikumi bado haijafika. Lakini ukiifuatilia mwanzo hadi mwisho utakuta kitu cha kushangaza: watu ambao wazo lenyewe lingewafaa kuliko wote ni watu wa kazi za mwili kama wa Kilosa na Mikumi.

Twende taratibu.

Figo imejificha, hapo ndipo tatizo lilipo

Karibu kila mtu huzaliwa na figo mbili, kila moja kubwa kama ngumi. Hazipo mbele tumboni kama wengi wanavyodhani. Zipo nyuma, kila upande wa uti wa mgongo, juu kidogo ya kiuno, zimefunikwa na mbavu za mwisho na misuli minene. Kila dakika, karibu lita moja ya damu inapita humo kusafishwa. Yaani chombo kidogo, kimejificha, na kina mabomba makubwa ya damu. Ukikosea pale, mgonjwa anaweza kumaliza damu yote wewe unaangalia.

Ndiyo maana kwa karne nyingi madaktari waliiogopa figo. Wangeweza kukata mguu, wangeweza kutoa jiwe kwenye kibofu, lakini figo iliachwa. Swali lililowasumbua lilikuwa jepesi tu: hivi mtu akitolewa figo moja, ataishi?

Jibu lilipatikana mwaka 1869 pale Heidelberg, Ujerumani. Kulikuwa na mama aliyefanyiwa oparesheni ya tumbo la uzazi, na katika ile oparesheni bomba linaloleta mkojo kutoka kwenye figo likaumia. Tangu hapo mkojo ukawa unatoka mahali pasipo pake, usiku na mchana. Kila mtu anajua maisha ya mwanamke wa namna hiyo yanakuwaje mbele za watu, iwe Heidelberg au Kimamba. Daktari wake, Gustav Simon, alijaribu kurekebisha, ikashindikana. Akabaki na wazo moja la hatari: atoe figo nzima ya upande ule.

Kwanza akaenda kujaribu kwa mbwa. Akawatoa figo moja moja, akaona wanaoishi wanaendelea kula na kukojoa kama kawaida. Ndipo Agosti 2, 1869, akamfanyia yule mama. Akapona. Dunia ya udaktari ikajua kwamba figo moja nzima inatosha kumbeba mtu. Jina la daktari liko kwenye kila kitabu cha upasuaji. Mama aliyelala kitandani bila kujua kama ataamka, wanaomkumbuka ni wachache sana.

Na hii ndiyo tabia ya historia hii yote. Daktari anajulikana, mashine inajulikana, mgonjwa anaitwa "mgonjwa".

Kovu la sentimita ishirini

Hatua iliyofuata kwa ukubwa ni ya Boston, Marekani, Desemba 23, 1954. Kijana mmoja alikuwa anakufa kwa figo zote mbili kufeli. Bahati yake alikuwa na pacha wa kufanana naye kabisa, kwa hiyo mwili wake usingekikataa kiungo cha mwenzake. Timu ya Joseph Murray ikachukua figo ya pacha mzima ikampandikizia mgonjwa. Ikafanya kazi. Aliyepewa aliishi miaka 8 zaidi. Aliyetoa aliishi na figo moja hadi mwaka 2010, yaani miaka 56. Murray akapewa Nobel mwaka 1990.

Sasa hapo kuna jambo ambalo watu wengi hulipita. Mtu mzima asiyeumwa chochote alilala mezani akapasuliwa ili amwokoe mwingine. Na kupasuliwa kwa enzi hizo si mchezo. Daktari alikuwa anachana ubavuni, kovu la sentimita 15 hadi 20, anakata misuli, mara nyingine anatoa kipande cha ubavu ili aifikie figo. Maumivu yake ni ya kila pumzi, maana kila ukivuta hewa ubavu unatikisika. Ukitoka hapo unaambiwa usibebe kitu kizito wiki 6 au zaidi.

Hebu vuta picha. Kwa mtu anayefanya kazi ofisini, wiki 6 ni likizo ya ugonjwa. Anakaa nyumbani na simu yake, mshahara unaingia. Kwa mkulima wa Rudewa anayetegemea jembe, wiki 6 katikati ya masika ni msimu mzima. Mahindi hayapandwi, mpunga haupaliliwi, na njaa ya mwaka ujao imeshaamuliwa. Kwa utingo wa lori linalolala Mikumi, wiki 6 maana yake ni nafasi yake imechukuliwa na mwingine. Kwa hiyo ukimwomba mtu huyo figo ampe mdogo wake, humwombi figo peke yake. Unamwomba na chakula cha watoto wake.

Ukielewa hapo, utaelewa kwa nini watu walihangaika miaka yote hiyo kutafuta tundu dogo. Haikuwa urembo wa kovu. Ilikuwa ni lini mtu atarudi kazini.

Bibi wa miaka 85

Juni 1990, mjini St. Louis, Marekani, daktari Ralph Clayman na wenzake walikuwa na mgonjwa wa miaka 85, bibi kabisa, mwenye uvimbe kwenye figo. Kumchana ubavu mzima bibi wa umri ule ni kumtafutia kifo. Wakaamua jambo ambalo halijawahi kufanyika kwa figo: watatoboa matundu madogo, wajaze tumbo hewa, waingize kamera na vyuma virefu, wafanye kazi yote kwa kuangalia skrini.

Ikachukua karibu saa 7. Tatizo likabaki moja: figo ni kubwa kama ngumi, tundu ni dogo kama kidole, inatokaje? Wakaiingiza kwenye mfuko ndani kwa ndani ya tumbo, wakaisagasaga humo, wakaivuta nje vipande vipande. Bibi akapona.

Mwaka 1995, hospitali ya Johns Hopkins ikatumia njia hiyo kwa mtu anayetoa figo. Hapo huwezi kusaga, maana figo inatakiwa ikatumike, kwa hiyo wanatoboa matundu na kuchana kidogo chini ya tumbo ili itoke nzima. Maumivu yakapungua, siku za kulala wodini zikapungua, na mtu akawa anarudi kazini mapema zaidi. Watu waliokuwa wanasita kumpa ndugu figo wakaanza kukubali.

Weka akilini: hapo hakuna roboti bado. Ni kamera, vyuma virefu na daktari aliyefundishwa vizuri. Hospitali za Tanzania zinauita "upasuaji wa matundu madogo". Jambo hili litarudi mbele.

Mkono wa kiwandani waingia chumba cha upasuaji

Roboti yenyewe ilitokea upande mwingine kabisa. Mwaka 1985 huko Long Beach, California, madaktari walichukua mkono wa chuma uitwao PUMA, uliotengenezwa kwa kazi za kiwandani, wakautumia kuelekeza sindano kwenye ubongo wa mgonjwa ili wachukue kipande cha kupima. Mkono wa kiwanda una sifa moja nzuri: hautetemeki. Miaka michache baadaye, London, wakajaribu roboti ya tezi dume.

Kisha jeshi la Marekani likaingia. Fedha za utafiti wa kijeshi na za watu wa anga za mbali zikamwagwa kwenye wazo hili: askari kajeruhiwa mstari wa mbele, daktari yuko salama kilomita nyingi nyuma, kwa nini asimfanyie oparesheni kwa mashine? Wazo la vita halikufika vitani, lakini teknolojia ikauzwa kwa kampuni za kiraia. Mwaka 1995 ikaanzishwa kampuni ya Intuitive Surgical, na mwaka 2000 mashine yao iitwayo da Vinci ikapata kibali Marekani cha kutumika kwa upasuaji wa tumbo.

Inafanyaje kazi? Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kiti na meza ya daktari, ambapo anaona ndani ya mwili kwa picha kubwa yenye kina, siyo bapa kama ya runinga. Ya pili ni toroli lenye mikono minne hivi ya chuma, mmoja umeshika kamera, mingine imeshika mkasi, koleo na sindano. Ya tatu ni mnara wa kompyuta na taa. Vyuma vya kawaida vya matundu madogo ni vigumu kama vijiti vya kulia wali. Vya roboti vina kiwiko kidogo mwishoni kinachopinda na kuzunguka kama kiganja. Mkono wa daktari ukitetemeka, mashine inachuja. Daktari akisogeza sentimita 3, inaweza kuamriwa isogee 1 tu. Kwa kushona mshipa mwembamba wa damu, hiyo ni noma.

Wiki ambayo dunia haikuiona

Septemba 7, 2001, daktari Mfaransa Jacques Marescaux alikaa New York akashika mikono ya roboti ya kampuni nyingine, iitwayo ZEUS. Mgonjwa wake alikuwa Strasbourg, Ufaransa, ng'ambo ya bahari. Mama wa miaka 68, tatizo lake ni kifuko cha nyongo. Amri za daktari zikapita kwenye waya wa mawasiliano, zikafika, picha ikarudi, na ucheleweshaji wote ulikuwa kama milisekunde 155. Chini ya saa moja kazi imeisha. Wakaiita Oparesheni Lindbergh, kwa jina la rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927.

Ilitakiwa iwe habari ya mwaka. Siku 4 baadaye yakatokea mashambulizi ya Septemba 11 katika jiji lile lile la New York, na hakuna aliyekuwa na muda wa kusoma habari za nyongo. Yule mama wa Strasbourg alirudi nyumbani kimya kimya.

Kituo kilichofanya jambo lile kinaitwa IRCAD. Mwaka 2023 kilifungua tawi lake la Afrika pale Masaka, Kigali, kwa ajili ya kuwafundisha madaktari wa bara hili upasuaji wa matundu madogo. Kutoka Kigali hadi mpaka wa Rusumo ni safari ya basi ya saa chache. Kwa maneno mengine, elimu hii sasa inakaa jirani.

Figo na saa inayokimbia

Kwa upande wa figo, roboti ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwanza kutoa figo nzima. Ilipong'ara kweli ni kwenye kazi nyingine: kutoa uvimbe peke yake na kuiacha figo iliyobaki.

Hapa kuna mchezo wa saa. Ili ukate uvimbe bila damu kufurika, unabana mshipa unaoleta damu kwenye figo. Kuanzia sekunde hiyo figo inakosa hewa. Ukipitisha dakika 25 hadi 30 hivi, unaanza kuiharibu ile ile unayojaribu kuiokoa. Ndani ya muda huo ukate uvimbe wote, ushone mishipa, uzibe njia za mkojo, uachie damu. Kwa vile vijiti vigumu ni wachache wanaoweza. Kwa kiganja cha roboti, madaktari wengi zaidi waliweza. Hapo mashine imejipatia heshima yake kihalali.

Upandikizaji nao ukafuata. Mwaka 2013 timu ya Detroit, Marekani, na ya hospitali ya Medanta karibu na Delhi, India, walianza kupandikiza figo kwa roboti huku wakiizungushia barafu iliyosagwa ndani ya tumbo, ili isipate joto wakati inashonwa. Mgonjwa mnene, ambaye kidonda kikubwa kwake ni hatari ya kuoza, akawa na njia nyingine.

Ila usije ukadhani roboti inashinda kila mahali. Mwaka 2017 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani, wagonjwa karibu 24,000 waliotolewa figo nzima kati ya 2003 na 2015, wengine kwa roboti, wengine kwa matundu madogo ya kawaida. Madhara makubwa yalikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuwa kwamba za roboti zilichelewa zaidi kuisha, na gharama ilizidi kwa kama dola 2,700 kwa mgonjwa mmoja. Yaani kwa kutoa figo nzima, mashine ya mamilioni haikuonyesha faida ya kutosha juu ya kamera na vyuma virefu.

Na bei? Mashine moja ya da Vinci ni dola milioni 1 na zaidi, zile mpya zinafika milioni 2. Matengenezo ya kila mwaka yanazidi dola 100,000. Halafu kuna kamchezo kengine: vile vyuma vya mkononi vina chipu inayohesabu. Ukishatumia idadi iliyowekwa, mashine inakikataa hata kama kinang'aa kama kipya. Ni kama bando la simu. Limeisha, limeisha.

Afrika Kusini walianza na hospitali binafsi ya Pretoria mwaka 2013. Ilichukua hadi mwaka 2022 kwa mashine hizo kuzinduliwa kwenye hospitali za umma za Cape Town, Groote Schuur na Tygerberg. Hata kwa taifa lenye uchumi ule, kutoka kwa mgonjwa mwenye hela hadi kwa mgonjwa wa kawaida ilikuwa safari ya karibu miaka 9.

Kilosa iko katikati ya reli

Turudi nyumbani. Kwa miaka mingi Mtanzania aliyefeli figo alikuwa na njia mbili: kusafisha damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki, au kupanda ndege kwenda India. Serikali ililipia wengine, wengine walichangisha, wengine waliuza shamba. Ndugu anayetoa figo naye anapanda ndege.

Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ikafanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, madaktari wa hapa wakisaidiana na wenzao wa India. Machi 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata kwa kusaidiana na Wajapani wa Tokushukai. Hakuna roboti. Kuna madaktari waliokubali kufundishwa, manesi, maabara, na ndugu wa mgonjwa waliokubali kulala mezani.

Sasa angalia ramani. Muhimbili iko Dar, Benjamin Mkapa iko Dodoma. Kilosa iko katikati, juu ya reli hiyo hiyo. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikamalizikia Kigoma mwaka 1914, na ililetwa kubeba mazao siyo wagonjwa. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kutoka Dar hadi Dodoma, inapita kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa. Mgonjwa wa Kilosa sasa anaweza kuchagua upande: mashariki kuna hospitali inayopandikiza figo, magharibi kuna nyingine. Miaka 20 iliyopita hakuna upande wowote uliokuwa na jibu. Ilipokuja mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulizoa hata reli yenyewe, na Kilosa ikabaki inaangalia maji.

Mikumi nayo ina yake. Barabara ya Tanzam inapasua katikati ya hifadhi, malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, na mji una hospitali ya Mtakatifu Kizito ambayo watu wa maeneo yale wanaikimbilia. Chini kidogo, Kidatu, kuna bwawa lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1975, na baadaye uwezo wake ukafika megawati 204. Kwa miaka mingi taa za vyumba vya upasuaji vya Dar zimewaka kwa maji ya mto Ruaha Mkuu yanayopita karibu na Mikumi. Umeme ulitoka huku ukaenda kule. Huduma ya bingwa ndiyo haikurudi kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo roboti ije Kilosa?

Hapa ndipo watu hugombana. Kuna wanaosema haya ni mambo ya wazungu, sisi tupewe panadol kwanza. Kuna wanaosema tukisubiri tuwe matajiri tutasubiri milele, roboti zije kesho.

Historia yenyewe ina jibu la katikati. Faida kubwa kwa mtu wa jembe ilikuja mwaka 1990 na 1995, siyo mwaka 2000. Ilikuja na tundu dogo. Roboti iliongeza ustadi kwa kazi ngumu, kama ile ya dakika 25. Kwa hiyo hospitali ya mkoa ikipata madaktari waliofundishwa matundu madogo, kamera nzima, gesi isiyoisha na umeme usiokatika, mkulima wa Rudewa ameshapata sehemu kubwa ya kile anachopata mgonjwa wa Chicago. Roboti moja ikikaa Dar au Dodoma kwa ajili ya kesi ngumu za nchi nzima, inaeleweka. Roboti ikikaa mahali ambapo hakuna wa kupima mkojo, hiyo ni sanamu ya gharama.

Maana figo nyingi hazipotei kwa kukosa roboti. Zinapotea kimyakimya kwa presha na kisukari ambavyo havikupimwa. Zinapotea kwa kichocho cha mkojo, ugonjwa wa watoto wanaocheza kwenye madimbwi na majaruba, ambao ukiachwa miaka unaweza kuziba njia za mkojo hadi juu. Zinapotea kwa dereva anayejibana mkojo na kunywa maji kidogo ili asisimame njiani, mpaka mawe yanajijenga. Zinapotea kwa vidonge vya maumivu vinavyomezwa kila siku kama karanga, kwa sababu mgongo unauma na kazi haisubiri. Kule Nikaragua na El Salvador, wakata miwa vijana kabisa, wasio na kisukari wala presha, walikutwa figo zimekufa, na wataalamu wengi wanahusisha na kufanya kazi kwenye jua kali bila maji ya kutosha. Ukitoka Mikumi ukashuka kuelekea Kidodi na Ruhembe, miwa imetanda pande zote. Angalau swali la maji na kivuli linastahili kuulizwa mapema.

Na ubaya wa figo ni kwamba hailalamiki. Mtu anaweza kuwa amepoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake na bado anacheza mpira jioni. Kupima presha ni dakika 2. Kijiti cha kupima mkojo ni kitu cha bei ndogo. Kipimo cha damu cha kreatinini kinafanyika hospitali ya wilaya. Hivyo vitu vitatu vikifanyika kwa wakati, wengi hawatahitaji kisu, wala cha mkono wala cha roboti.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kijana wa mjini anaweza kuona ni habari za wazee. Lakini swali la nani analipa ndilo limeamua kila hatua ya stori hii, kuanzia jeshi la Marekani lililomwaga fedha hadi chipu inayohesabu matumizi. Ikiwa kadi ya bima ya mtu wa Kilosa haitafungua mlango wa Muhimbili, basi treni ya umeme itamfikisha getini tu.

Yule mama wa Heidelberg hakuwa tajiri wala maarufu. Bibi wa St. Louis naye hajulikani. Mgonjwa wa kwanza wa Muhimbili ni mtu wa kawaida aliyekuwa na ndugu wa kumpenda. Mashine zote hizi zimejengwa juu ya watu wa namna hiyo waliokubali kuwa wa kwanza. Kuna siku mtu wa Kilosa au Mikumi atatoa figo kwa dada yake, atarudi shambani kabla magugu hayajashinda mahindi, na hakuna gazeti litakaloandika. Hiyo ndiyo siku ambayo tundu dogo litakuwa limefika.

Haya mdau, uwanja ni wako. Ukiwa na ndugu anayehitaji figo leo, ungetoa? Na kinachokuzuia ni nini hasa: kisu, hela, au wiki 6 za kukaa bila kazi?